Motokaa Kuukuu Kama Zana ya Kufundishia

Malalamiko tunayoyasikia mara nyingi kuliko yote, kila wanachuo warudipo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, ni kwamba shule za msingi hazina zana. Hatuyapuuzi malalamiko hayo. Mwanachuo aliyepangiwa shule katika visiwa vya delta ya Rufiji, ambako hata sanduku la chaki hufika kwa mashua na kwa kungoja maji yajae, hawezi kulaumiwa kwa kukosa chati ya injini ya petroli. Lakini twaona kwamba neno zana limefinywa mno mikononi mwetu. Limekuwa na maana ya kitu kilichonunuliwa dukani, au kilichochorwa kwenye karatasi ya manila kwa kalamu ya wino mzito na kubandikwa ukutani siku ajapo mkaguzi. Kitu chenyewe halisi, chenye uzito na harufu na kutu, hakihesabiwi.

Tumepata kukaa nyuma ya darasa moja, katika shule isiyo mbali na mji wa Kibiti, tukimsikiliza mwanachuo akieleza mipigo minne ya pistoni. Mchoro wake ubaoni ulikuwa safi, na andalio lake la somo halikuwa na dosari. Nje, hatua chache tu kutoka dirishani, chini ya mwembe, lilikuwapo gari bovu lisilo na magurudumu, na watoto wale wale waliokuwa wakinakili mchoro walikuwa wamelikalia boneti lake wakati wa mapumziko. Kwa dakika arobaini hakuna aliyelitaja, si mwalimu, si mwanafunzi.

Maoni yetu ni haya: gari bovu, hasa la zamani, ni mojawapo ya zana bora ambazo shule ya msingi yaweza kuzipata bila fedha, na shule inayomwuzia mnunuzi wa chuma chakavu gari la namna hiyo kabla wanafunzi hawajalifungua imeuza maabara yake kwa kilo. Twajua kwamba wanunuzi hao hupita vijijini na mizani zao, na kwamba mwalimu mkuu mwenye paa linalovuja ana haki ya kushawishika. Hata hivyo twasema, lifunguliwe kwanza. Chuma hakipungui uzito kwa kutazamwa.

Kwa ajili ya mfano tumechagua gari ambalo yamkini hamtalikuta Kibiti wala Bungu wala Jaribu: saluni ya Kimarekani, Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, magari ya wakati ule yalijengwa waziwazi. Ukifungua boneti, mkono wa mtu mzima hupita kila upande wa injini, na kila kifaa huonekana kimetoka wapi na kinakwenda wapi. Pili, magari hayo yana kisa cha kutengenezwa upya ambacho tutakieleza hapa chini, nacho kinatuhusu sana. Mwalimu atakayeielewa saluni hiyo hatashindwa na Land Rover, wala Peugeot, wala lori la Bedford lililosahauliwa nyuma ya ghala la korosho.

Gari lenyewe lina urefu wa mita 5.08, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.92. Uzito wake wapata tani moja na nusu. Twashauri mwalimu asiviandike vipimo hivi ubaoni tu. Awatoe watoto nje, wapige mambo manne uwanjani, wavute kamba, na wasimame ndani ya gari hilo la kamba wakihesabu wangapi wanaenea. Kisha waweke kando yake kamba ya gari dogo la kisasa, yapata mita nne na robo, wajionee wenyewe tofauti. Baadhi ya saluni hizi zilikuwa na injini ya silinda sita kwa mstari mmoja, na nyingine za silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Kubwa katika hizo za silinda nane kwa mwaka ule ilikuwa na ujazo wa lita 4.6. Gawanya kwa nane: kila silinda ina ujazo wa lita 0.58 hivi, kiasi kinachokaribia chupa mbili ndogo za soda. Watoto wazijaze maji hizo chupa kumi na sita, wazipange mezani, na hapo hesabu ya kugawanya desimali, ambayo wengi wenu huiogopa kuifundisha, itakuwa imekwisha kujieleza.

Ndani kuna kiti kimoja kirefu cha mbele kama benchi, na katika magari yenye gia za kawaida mkono wa gia uko kwenye nguzo ya usukani. Breki zote nne ni za dramu, na mafuta ya breki hutoka katika silinda kuu moja tu, maana yake bomba moja likipasuka magurudumu yote manne hubaki bila breki. Mikanda ya kiti haikuwa sehemu ya kawaida ya gari. Betri ni ya volti 12. Kampuni hiyo ilikuwa imeacha betri ya volti 6 miaka miwili tu nyuma, mwaka 1955. Cheche za kuwashia petroli zinatokana na pointi, kondensa, koili na distributa, vitu vinavyoshikika kwa mkono, tofauti na kisanduku kilichofungwa cha magari ya leo ambacho hata fundi hawezi kukifungua akaeleza kilichomo.

Na nyuma, gari hili lina mapezi mawili marefu ya bati, kama ya samaki. Pezi la kushoto lina kazi moja, nayo ni kuficha kifuniko cha tanki la petroli nyuma ya utepe wa kromu. La kulia halina kazi yoyote. Hapa ndipo mwalimu mwema atakaposimama na kuuliza: sehemu ipi ya gari hili inafanya kazi, na ipi ni pambo? Jibu lina historia. Kampuni ya General Motors, chini ya Alfred Sloan, iliweka tangu miaka ya 1920 desturi ya kubadili sura ya magari yake kila mwaka, na Harley Earl ndiye aliyeongoza idara ya uchoraji wa sura hizo, ili mwenye gari la mwaka jana alione limechakaa hali injini yake ingali nzima. Mtoto wa Salale au Mbwera, aliyezaliwa kati ya mashua ambazo karibu kila ubao wake una sababu, atalistaajabia jambo hili. Mwacheni alistaajabie, na wala msiharakishe kumjibu.

Twapenda pia kuwakumbusha kwamba mtoto wa delta haji darasani mtupu. Lugha yenyewe imemtayarisha. Usukani ulikuwa wa chombo cha bahari kabla haujawa wa gari. Nauli ililipwa kwa nahodha kabla ya kulipwa kwa kondakta. Shehena ilipakiwa jahazini kabla ya kupakiwa lorini. Waswahili walipopata kuiona motokaa, sehemu walizozitambua walizipa majina ya vyombo vyao, na zile ngeni wakazichukua na majina yake: breki, klachi, plagi, kabureta. Mwalimu aliye na ubao mmoja tu aweza kuandika safu mbili za maneno hayo na kuwauliza watoto kwa nini safu ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza. Hilo ni somo la Kiswahili, la historia na la sayansi kwa pamoja, na halihitaji hata gari bovu.

Ulinganisho huo waweza kwenda mbali zaidi. Saluni hii ya Kimarekani ina chasisi, yaani fremu ya chuma iliyo peke yake, na bodi yote hukaa juu yake kwa bolti. Bodi yaweza kunyanyuliwa na chasisi ikabaki chini na injini yake na magurudumu yake. Chasisi basi ni kama mkuku na mataruma. Magari madogo ya leo hayana kitu hicho. Bati la bodi lenyewe ndilo lililokunjwa na kuchomelewa likawa uti wa mgongo. Peugeot 404 ilikuwa ya namna hiyo tayari, nayo si gari la kudharauliwa katika nchi hizi: ndiyo iliyompa Bert Shankland wa Tanzania ushindi wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967. Wamarekani walikuja na kundi la saluni za Mercury Comet mwaka 1964. Zilizofika mwisho zilikuwa chache, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina ya Peter Hughes. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Kwetu sisi habari hiyo ya mwisho yapendeza kupita zote, na watoto wa darasa la tano wataikubali.

Sasa tufike kwenye kisa tulichoahidi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 nchini Cuba, Marekani iliiwekea nchi hiyo vikwazo vya biashara, vilivyokamilika mwaka 1962. Magari ya Kimarekani yaliyokuwapo kisiwani yakabaki bila spea, na mapya hayakuja. Yale yale yaliyoundwa yachokwe baada ya mwaka mmoja yakalazimika kuishi miaka sitini na zaidi. Mafundi wa Havana wakachonga vipuri vyao wenyewe, wakatoa injini za petroli zilizokufa na kutia za dizeli za magari ya Kirusi na mengineyo, wakaziba bodi zilizotoboka kwa kutu, na magari yakaendelea kubeba abiria. Wenyeji huyaita almendrones, yaani lozi kubwa, kwa umbo lake.

Huko Marekani kwenyewe, wapenzi wa magari hayo hufanya kinyume. Wao hurejesha gari katika hali ile ile liliyotoka nayo kiwandani: rangi ile ile, vitambaa vile vile, namba ya injini ilingane na namba ya bodi. Gari likiisha kukamilika huwekwa chini ya turubai na kutolewa siku za maonyesho. Wako wanachuo ambao wakisoma habari hizi husema njia ya Marekani ndiyo ya kitaalamu na ya Cuba ni ya dhiki. Hatukubaliani nao. Kila moja ina swali lake. Ya kwanza yauliza, gari hili lilikuwaje? Ya pili yauliza, gari hili litatumikaje? Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, aliandika zamani sana juu ya merikebu iliyobadilishwa mbao zake zote, na wenye hekima wakabishana kama ni ile ile au la. Katika delta mashua hubadilishwa ubao leo na taruma mwakani, hukalafatiwa na kupakwa deheni, na jina lake halibadiliki wala hakuna anayebishana.

Kwa shule ya msingi twaichagua njia ya Cuba, lakini kwa sharti moja: kila kinachobadilishwa kiandikwe. Shule iwe na daftari, na humo mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike tarehe, kifaa kilichotolewa, kilivyokuwa, kilichowekwa mahali pake na kilikotoka. Bila daftari hilo, kutengeneza gari ni shughuli ya gereji. Kwa daftari hilo ni elimu. Mwalimu Nyerere, katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika juu ya shule inayomtenga mtoto na kazi za jamii yake. Lakini sisi tuliofundisha katika miaka iliyofuata tuliona pia hatari ya upande wa pili: kazi isiyo na fikra, jembe bila swali. Mtoto aliyeosha kabureta nzima asijue petroli huchanganyika na nini ndani yake amefanya kazi tu, hakujifunza.

Kutu ndiyo somo lenyewe katika wilaya hii, na hapa twaomba mtumie vipindi vingi kuliko vitabu vinavyowaruhusu. Misumari mitatu, chupa tatu: moja kavu na iliyofungwa, moja yenye maji ya kisima, moja yenye maji yaliyochotwa mdomo wa Simba Uranga au popote maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Baada ya wiki moja watoto watakuwa wamejua kwa nini gari huoza upesi zaidi karibu na mikoko kuliko Utete. Ya nne, mkitaka, iwe ya maji yaliyochemshwa na kumiminiwa mafuta juu, hewa isipite. Hapo watauliza wenyewe kwa nini mafundi wa mashua hupaka mafuta ya sifa, na mtaona kwamba jibu wanalo nyumbani. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoingia vijiji vingi vya Kibiti na Rufiji yameacha mashine nyingi zilizolala majini; ni huzuni, lakini mifano haikosekani.

Wala msidhani kutengeneza mitambo mikubwa katika bonde hili kumeanza na sisi. Meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, iliingia delta ya Rufiji ikiwa na mitambo mibovu. Sehemu zilizoharibika zilifunguliwa, zikakokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, zikatengenezwa karakanani, zikarudishwa na kufungwa tena, na kazi hiyo ya kukokota haikufanywa na maofisa. Meli ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ilitolewa, ikaundiwa magurudumu na kutumiwa vitani nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Meli yenyewe ilikatwakatwa na wanunuzi wa chuma tangu miaka ya 1920, na mwaka 1966 mabaki yake yakadidimia topeni. Leo mtoto wa delta anayetaka kuona mzinga uliowahi kulala katika mto wake hana budi kwenda Mombasa. Ndiyo maana tumewasema wanunuzi wa chuma chakavu.

Kuhusu utaratibu wa kazi, tuna shauri moja tunalolishikilia kuliko mengine. Wanafunzi, na walimu wengi vijana, hutaka injini inguruma siku ya kwanza. Msiwape. Breki kwanza, injini baadaye. Gari lisilowaka halimwumizi mtu, bali gari linalowaka lisilosimama huua. Na kabla injini iliyolala miaka haijawashwa, izungushwe kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa na mafuta kidogo yametiwa silindani, isije ringi zilizoshika kutu zikakwaruza kuta. Petroli ya zamani imwagwe mbali na moto. Mwajua pia kwamba injini za miaka ya 1950 zilitegemea petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha ilipofika mwisho wa mwaka 2005. Kwa hiyo viti vya valvu vya injini hizo huliwa upesi zisipowekewa vigumu zaidi. Ni jambo la fundi, lakini ni mlango mzuri wa kuzungumza juu ya sumu ya risasi na afya ya watoto wenyewe.

Tumeulizwa juu ya usalama, na swali ni la haki. Asidi ya betri isiguswe na mtoto. Breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Vumbi lake lisipulizwe wala kufagiliwa kavu, na kazi hiyo aifanye mtu mzima kwa kitambaa kibichi huku darasa likiwa mbali. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake asiingie mtu chini yake, magogo yawekwe. Na kabla ya yote litazamwe kama halina nyoka wala maji yaliyotuama, maana gari lililolala mvua nzima ni kitalu cha mbu.

Swali la pili, ambalo aghalabu huulizwa kwa kunong'ona, ni la wasichana. Tumeona wakipewa kufagia kuzunguka gari huku wavulana wakishika spana. Mwanachuo atakayeliruhusu hilo hatumpi alama nzuri, hata kama somo lake lilikwenda vizuri kwa mengine yote. Zamu ziandikwe, na spana ifuate zamu.

La tatu ni juu ya fundi. Mwalimu wa shule ya msingi hakusomea umakenika, na hatumdai. Lakini katika kila senta ya wilaya hii, tangu zama ambapo magari yalipanga foleni kungoja kivuko cha Ndundu hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, pamekuwapo watu wanaojua kulifufua gari porini kwa waya na sabuni. Wengi hawana cheti, ingawa VETA siku hizi ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua wenye ujuzi walioupata kazini. Aitwe, aheshimiwe, apewe kiti mbele ya darasa, na watoto wamwamkie shikamoo kama wamwamkiavyo mwalimu. Asimame yeye na spana, nawe usimame kando na chaki, ukiandika maneno yake. Wako walimu wanaoogopa kwamba hadhi yao itapungua. Tumeona kinyume chake mara nyingi, na sasa mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 unapoupa mkondo wa amali nafasi yake katika shule za sekondari, mtoto aliyemwona mwalimu wake akijifunza kwa fundi hatauona mkondo huo kuwa ni wa walioshindwa.

Limebaki jambo dogo la ofisi. Gari lililoko shuleni ni mali ya mtu au ya umma, na pengine lina namba katika daftari la mali; mwanachuo wa mazoezi asilifungue hata bolti moja kabla mwalimu mkuu hajapata kibali kwa maandishi. Barua iandikwe wiki ya kwanza ya mazoezi, kwa maana majibu hukawia. Yakikawia mno, anza na baiskeli. Meno ya gurudumu la mbele na la nyuma yahesabike, na mnyororo wake watosha vipindi viwili vya uwiano.